Tezi dume inajengwaje tumboni, na kwa nini huanza kukua tena uzeeni?

FundiSeli (Kampala)

Habari zenu, wana jukwaa. Kwenye uzi wa wiki iliyopita kuhusu wazee wanaopata shida ya kukojoa, wengi waliandika kwamba testosteroni ndiyo hujenga tezi dume, na mjadala ukafungwa hapo. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini tezi hiyo hiyo huanza kukua upya mtu akishapata wajukuu, kwa hiyo naomba tuifungue taratibu. Kazi yangu ni ya maabara ya tishu: kukata vipande, kuvipaka rangi na kuviweka kwenye slaidi ili daktari wa patholojia avisome. Tezi dume naziona mara kwa mara na bado sijazichoka.

Tuanze tumboni. Mimba ikiwa na wiki sita, huwezi kujua kwa kuangalia viungo kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Chini ya kibofu kuna kifuko kidogo kinachoitwa sainasi ya urojenitali, na wote wanacho. Kwa mwenye kromosomu Y, jeni ya SRY huanzisha ujenzi wa korodani, na kufikia wiki ya 8 hivi korodani hizo zinatoa testosteroni. Wiki ya 10 hivi, vichipukizi vidogo huanza kujisukuma kutoka kwenye ukuta wa kifuko kile. Huo ndio mwanzo wa tezi dume. Mara ya kwanza vichipukizi ni seli zilizoshikana tu, havina tundu. Baadaye hurefuka, hugawanyika matawi, hutoboka katikati na kuwa mirija.

Sasa swali langu: testosteroni inaongea na nani hapo? Ukuta wa kifuko una tabaka mbili. Upande wa ndani kuna utando wa seli zilizopangana, epithelia kwa jina la darasani. Upande wa nje kuna tishu laini inayoitwa mesenkima, ambayo baadaye itakuwa misuli na nyuzi. Kwa kuwa utando ndio unaochipua, mtu angetarajia kwamba utando ndio unaopokea amri ya homoni. Sivyo. Anayepokea ni mesenkima.

MwalimuTororo

Ndugu FundiSeli, nafundisha baiolojia, na vitabu tulivyo navyo vinasema testosteroni huchochea ukuaji wa viungo vya kiume, basi. Wanafunzi wangu wakiniuliza "walijuaje kwamba ni mesenkima?" niwajibu nini? Ukiwa na ushahidi uuweke hapa, maana hili ni jambo la kuoneshwa, halitoshi kusemwa.

FundiSeli (Kampala)

Mwalimu, umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kuna panya wa maabara wenye kasoro kwenye jeni ya AR, ile inayotengeneza kipokezi cha homoni za kiume. Jeni hii iko kwenye kromosomu X. Panya dume mwenye kasoro hiyo ana korodani na testosteroni anayo, lakini hakuna seli yake hata moja inayoisikia, kwa hiyo hapati tezi dume. Wanaitwa panya wa Tfm. Gerald Cunha wa Marekani na wenzake, kuanzia miaka ya 1970, walifanya hivi: walichukua kile kifuko kutoka kwa vijusi vya panya, wakakiloweka kwenye kimeng'enya kinachoyeyusha gundi kati ya tabaka mbili, kisha wakazitenganisha kwa sindano nyembamba chini ya darubini. Tabaka zikishaachana, unaweza kuzichanganya unavyotaka. Wakaweka utando wa panya huyu juu ya mesenkima ya panya yule, wakaziacha zishikane, halafu wakapandikiza chini ya ngozi nyembamba inayofunika figo ya panya dume mzima, mahali penye damu nyingi na homoni ya kutosha. Baada ya wiki kadhaa wakafungua kuona kimeota nini.

Utando mzima juu ya mesenkima ya Tfm: hakuna tezi dume. Utando wa Tfm, ule kiziwi, juu ya mesenkima nzima: tezi dume ikachipua na kutoa matawi. Yaani seli zilizochipua hazikuwa na uwezo wowote wa kuisikia homoni, na bado zilichipua.

Ni kama kijiji ambacho nyumba moja tu ina redio. Habari inatangazwa, mwenye redio anaisikia, kisha anapiga hodi kwa jirani na kumwambia la kufanya. Jirani anafanya kazi yote, ingawa tangazo lenyewe hakulisikia.

Na si hilo tu. Walichukua utando wa kibofu cha panya mkubwa, tishu iliyokwisha kukomaa na kujua kazi yake, wakauweka juu ya mesenkima ya kifuko kile. Ukageuka, ukaanza kujenga mirija ya tezi dume. Wanafunzi wako waulize wenyewe: ni nani hapo alikuwa ameshika ramani ya ujenzi?

Ila nisiachie picha nusu. Utando wa Tfm ulijenga mirija, lakini mirija hiyo haikutoa majimaji yenye protini za tezi dume kama inavyopaswa. Kwa kazi hiyo ya ukubwani, utando unahitaji kipokezi chake wenyewe. Kwa hiyo kujengwa ni kwa maneno ya jirani, kufanya kazi ni kwa sikio lako mwenyewe. Ile protini ya PSA ambayo wazee wetu hupimwa kwenye damu inatoka katika hatua hii ya pili: jeni yake, KLK3, huwashwa na kipokezi cha AR ndani ya seli za utando.

KijanaWaJinja

Kaka, niko mwaka wa pili chuoni na hapa ndipo mhadhara huniacha. Huyo jirani anapiga hodi kwa kutumia nini hasa? Ni jeni gani zinaongea? Tulipewa majina mengi, FGF, SHH, BMP, Wnt, nikayakariri na yakapotea.

FundiSeli (Kampala)

Usiyakariri kama orodha ndugu yangu. Uliza kila moja linatoka tabaka gani na linafika tabaka gani, na kama linasukuma au linazuia. Ukijua hayo, majina yatakaa yenyewe.

FGF10 hutoka kwenye mesenkima. Ni protini inayosafiri hatua chache tu na kushika kipokezi kilichoko kwenye utando, FGFR2. Ujumbe wake ni: gawanyikeni, songeni mbele. Panya aliyeondolewa jeni ya FGF10 hukosa karibu vichipukizi vyote vya tezi dume. Pia hukosa mapafu na miguu, na kwa hiyo hufa mara anapozaliwa. Mapafu, miguu, tezi dume: mwili hautungi lugha mpya kwa kila kiungo, maneno ni yale yale, kinachobadilika ni mahali yanaposemwa na wakati wake.

SHH huenda njia ya kinyume, kutoka kwenye utando kwenda mesenkima. Kwa hiyo hodi si ya upande mmoja, jirani naye hujibu. Juu ya SHH wataalamu wamebishana kweli kweli. Kazi za mwisho wa miaka ya 1990 zilionesha kwamba bila SHH hakuna tezi. Baadaye wengine wakachukua kifuko cha panya asiye na jeni hiyo, wakakipandikiza kwa panya mwenye homoni ya kutosha, na tishu ya tezi dume ikaota. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili: SHH inasaidia mirija kukua na kujipanga, lakini si yenyewe inayoamua kama tezi itakuwepo.

BMP4 ni breki. Hutoka kwenye mesenkima na huzuia matawi yasizidi. Panya mwenye nakala moja tu ya jeni hii badala ya mbili hupata matawi mengi kuliko kawaida. Wanaosoma maendeleo ya viungo huwa wanapenda visukumizi na kusahau breki, na kwa maoni yangu breki ndizo zinazokipa kiungo umbo. Bila breki ungepata uvimbe wa seli, usingepata tezi.

Wnt na Notch wamo pia, ila nikianza nazo leo hatutalala.

Halafu ndani ya utando wenyewe kuna jeni zinazosimamia nyingine. SOX9 huwaka mapema kabisa kwenye ncha za vichipukizi. FOXA1 hufungua sehemu za DNA zilizokuwa zimekunjwa ili kipokezi cha AR kipate pa kukaa. Na NKX3.1 ndiyo alama ya kwanza kabisa tunayoijua ya kwamba seli hizi zimekusudiwa kuwa tezi dume. Huonekana hata kabla ya chipukizi kutokeza. Panya asiye nayo hupata tezi, lakini matawi ni machache, na akizeeka seli zake huanza kujaa ovyo. Kwa binadamu jeni hii iko kwenye kromosomu 8, mkono mfupi, na ni kipande ambacho mara nyingi hupotea kwenye saratani ya tezi dume. Jeni za HOXA13 na HOXD13 kazi yake ni kueleza mahali: hapa ni mwisho wa kiwiliwili, pajengwe vinavyojengwa huku.

MwalimuTororo

Hii ya breki nitaipeleka darasani Jumatatu. Asante sana.

NesiWaBusia

Jamani, FundiSeli amesema testosteroni muda wote, lakini sisi kliniki tunasikia DHT. Naomba uieleze, kwa sababu dawa nyingine tunazowapa wazee zinahusu hiyo.

FundiSeli (Kampala)

Umenikumbusha vizuri, sista. Testosteroni ikiingia kwenye seli za mesenkima hukutana na kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktesi aina ya 2, kinachotengenezwa na jeni ya SRD5A2 kwenye kromosomu 2. Kimeng'enya hiki huigeuza kuwa dihaidrotestosteroni, yaani DHT. DHT hushika kipokezi cha AR kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Tezi dume, na viungo vya nje vya mtoto wa kiume, vinaitegemea DHT. Vifuko vya shahawa vinatoka kwenye mrija mwingine kabisa wa kijusi, na vyenyewe testosteroni inavitosha.

Hili lilijulikana kwa binadamu kupitia familia za kijiji cha Salinas, huko Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto waliozaliwa wakionekana wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipobalehe sauti ikanenepa, misuli ikajaa na uume ukakua. Walikuwa na kromosomu XY na testosteroni ya kawaida, ila kimeng'enya kile kilikuwa na kasoro. Na ukubwani tezi dume yao ilibaki ndogo sana. Watengeneza dawa waliposikia hayo wakaona njia: ukikizuia kimeng'enya hicho kwa mzee, tezi yake itasinyaa. Ndivyo ilivyopatikana finasteraidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume iliyotanuka.

AfandeMstaafu (Bombo)

Vijana wangu, nimesoma tangu juu mpaka hapa. Mimi nina miaka 68, nilistaafu jeshini zamani. Naamka usiku mara nne, mara tano. Kituo kimoja nilikoenda kwanza waliniambia ni uzee tu, nirudi nyumbani. Nilipokwenda kwingine wakanipima, wakasema tezi imetanuka lakini si saratani, wakanipa dawa. Nashukuru. Lakini ninalouliza ni hili: kama hiyo mesenkima ilimaliza kazi yake nikiwa tumboni mwa marehemu mama yangu, ni nani aliyeiamsha leo?

FundiSeli (Kampala)

Shikamoo Afande. Swali lako ndilo alilojiuliza John McNeal, daktari wa patholojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi akikata tezi dume na kuchora kila sehemu yake.

Kwanza ratiba. Mtoto akizaliwa tezi ni ndogo mno, na hukaa hivyo hadi balehe. Kwenye miaka ya ishirini inafika gramu 20 hivi na kutulia. Kuanzia miaka ya arobaini baadhi ya sehemu huanza tena. Kati ya miaka 51 na 60, karibu nusu ya wanaume wana utanukaji unaoonekana kwenye darubini, hata kama wengine hawaoni dalili. Hauko peke yako, mzee.

McNeal aliona kwamba utanukaji hauanzi popote. Huanza kwenye eneo dogo linalozunguka mrija wa mkojo, eneo la mpito, na ndiyo maana mkojo unabanwa mapema. Ndani ya vinundu vyake aliona vichipukizi vipya vikitoka kwenye mirija ya zamani na kutoa matawi. Kwa mtu mzima jambo hilo halikutarajiwa, kwa sababu kuchipua ni kazi ya kijusi. Mwaka 1978 akapendekeza kwamba tishu ya chini, ile iliyokuwa mesenkima, imeamka na kurudia maneno yake ya zamani kwa utando.

Nikiweka slaidi ya tezi kama hiyo kwenye darubini, naona hivi: mirija iliyopinda-pinda, ndani yake seli ndefu za waridi zimesimama safu, chini yao seli fupi bapa kama mstari mwembamba wa zambarau, na kuzunguka yote misuli na nyuzi. Safu zote mbili zipo. Mpangilio ni wa tezi halali, ila imejengwa wakati usio wake. Mahali pengine kwenye slaidi hiyo hiyo unakuta kinundu cha nyuzi na misuli tu, hakina mrija hata mmoja. Nikikiona hicho huwa namkumbuka McNeal: jirani ameamka, bado hajapiga hodi.

Saratani ni jambo jingine, Afande, na nafurahi walikupima badala ya kukisia. Hiyo mara nyingi huanza eneo la pembeni, mbali na mrija, ndiyo maana inaweza kukaa kimya muda mrefu. Kwenye slaidi ile safu ya chini ya seli bapa inakuwa imepotea. Na mazungumzo yamebadilika: seli ya saratani haimngoji jirani tena, kipokezi chake cha AR kinaisukuma ikue moja kwa moja. Charles Huggins alionesha mwaka 1941 kwamba kuondoa homoni za kiume hurudisha nyuma saratani hii, akapata Nobel mwaka 1966. Hadi leo matibabu mengi yanapita njia hiyo.

MamaArua

Mume wangu baba yake alikufa na saratani hiyo, na kaka yake sasa anatibiwa hospitali ya Mulago. Je, hizo jeni ulizozitaja ndizo zinazorithiwa? Nina vijana watatu wa kiume.

FundiSeli (Kampala)

Pole sana mama. Kwa sehemu kubwa, hapana. Jeni za ujenzi kama FGF10 na SHH sizo zinazopimwa kwa familia kama yako. Zinazobeba hatari kubwa ya kurithi ni za walinzi, zile zinazorekebisha DNA ikikatika, hasa BRCA2. Utafiti uliochapishwa 2020, ambao ulihusisha wanaume wa Uganda pamoja na Wamarekani Weusi, uliona mabadiliko mabaya kwenye BRCA2, ATM na PALB2 yakihusiana na saratani hii, hasa iliyo kali. Nafurahi kwamba damu ya wanaume wetu imo kwenye kazi hiyo, kwa sababu mengi yanayoandikwa juu ya tezi dume yanatokana na Wazungu. Kuna jeni moja ya ujenzi inayovuka upande huu, HOXB13, lakini badiliko lake linalojulikana zaidi, lililotangazwa 2012, ni la watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini.

Kwa vijana wako: wakikaribia miaka 40 hadi 45 wazungumze na daktari kuhusu kuanza kupima PSA, wasingoje dalili. Na shemeji yako akiwa kliniki, amwambie daktari wazi kwamba baba yao alikufa na ugonjwa huo huo. Kama kuna shangazi au dada mwenye saratani ya titi, naye atajwe, kwa sababu BRCA2 inagusa huko pia.

NesiWaBusia

Afande, dawa waliyokupa ni ipi? Kama ni tamsulosini, hiyo hulegeza misuli na nafuu huja ndani ya siku au wiki chache. Kama ni finasteraidi, subiri. Tezi husinyaa polepole, inaweza kuchukua miezi sita. Na ukishaitumia kwa muda huo, PSA yako hushuka karibu nusu. Mtu asiyejua unakunywa dawa hiyo anaweza kuiona namba ndogo akakuambia mambo ni sawa, kumbe sivyo. Kila unapopimwa, mwambie.

AfandeMstaafu (Bombo)

Ni hiyo ya pili, sista. Vidonge kumeza vinanisumbua, kwa hiyo mke wa kijana wangu ananisagia kwenye kijiko na maji. Ni binti mwema, ana mimba ya miezi miwili.

NesiWaBusia

Afande, naomba asikiguse tena kidonge kilichosagwa au kuvunjika, kuanzia leo. Kidonge kizima kina ganda, hakimdhuru akikishika. Kikisagwa, unga wake unaweza kupita kwenye ngozi.

FundiSeli (Kampala)

Sista amesema kweli, na sababu ni yale yale tuliyoandika hapo juu. Kama mtoto ni wa kiume, miezi miwili ndiyo kwanza korodani zake zinaanza kutoa testosteroni, na wiki zinazofuata DHT inajenga tezi dume na viungo vya nje. Dawa yako inazuia kimeng'enya hicho hicho. Usimtie hofu, mguso mdogo si lazima ulete madhara, lakini akienda kliniki ya wajawazito aeleze.

AfandeMstaafu (Bombo)

Nimeelewa. Nimemwita sasa hivi nimemwambia, na kijiko nimekichukua. Je, niache dawa?

NesiWaBusia

Usiache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze kwamba kumeza kunakushinda na kwamba nyumbani kuna mjamzito, akuchagulie njia nyingine. Hadi siku hiyo jaribu kukimeza kizima na uji mzito kidogo, na pakiti ikae kwako.